Natubu kila usiku, lakini dada niliyemharibia jina bado yupo

Mama Mshauri, Bwana Yesu asifiwe.

Nimekuwa nikisoma majibu yako muda mrefu bila kuthubutu kuandika. Sasa naandika kwa sababu usingizi umeniisha, na watu wawili ninaowaheshimu, mume wangu na kiongozi wetu wa maombi, wananipa jibu moja ambalo moyo wangu unakataa kulipokea.

Mimi ni mke na mama wa watoto wawili. Kwa kazi ni mhasibu. Zaidi ya miaka kumi iliyopita nilikuwa karani wa fedha papo hapo ninapofanya kazi hadi leo. Nilikuwa nachota kidogo kidogo kwenye fedha za matumizi madogo, nia yangu ikiwa kurudisha mwisho wa mwezi, na kweli mara mbili tatu nilirudisha. Halafu mtoto akaugua, nikachukua zaidi, na kabla sijarudisha wakaguzi wa hesabu wakaingia. Walipouliza nani mwingine alikuwa na ufunguo wa kasiki, nikamtaja mwenzangu. Nitamwita Neema, ingawa si jina lake. Sikusema ameiba. Nilisema tu kwamba kuna jioni alibaki ofisini peke yake, na huo ulikuwa uongo. Neema aliachishwa kazi. Mwaka uliofuata mimi nikapandishwa cheo.

Niliokoka baadaye. Dhambi hii nimeitubu kwa machozi, kwa kufunga, kwenye mikesha, mara nyingi kiasi kwamba maneno yenyewe nimeyakariri. Katika ushirika wetu wa maombi tunafundishwa sana dalili za nyakati: vita, matetemeko, watoto wasiosikia wazazi, rushwa, ndoa kuvunjika, watumishi wanaouza maji na mafuta, watu wanaoimba kwaya mchana huku wakiwa na nyumba ndogo. Yote nayaona. Ila wenzangu wakisikia kwamba Bwana yu karibu wanashangilia, mimi tumbo linanikata.

Mwishowe nilimweleza kiongozi wetu. Akanifungulia Zaburi ya 51, "Nimekutenda dhambi Wewe peke yako," akasema damu ya Yesu imeshafuta, na nikianza kufukua nitakuwa namwambia Mungu kwamba msamaha wake hautoshi. Tena, muda uliobaki ni mfupi mno, ni wa kuonya wanaopotea. Mume wangu aliposikia alikasirika. Aliniuliza kama nataka kuivunja nyumba yetu kwa ajili ya mtu ambaye ameshaendelea na maisha yake. Ana haki ya kuogopa, maana mshahara wangu ndio unaosomesha watoto.

Hivi karibuni nilikutana na Neema msibani. Alinisalimia vizuri, akashika mkono wangu, akauliza habari za watoto. Nadhani hajui kwamba ni mimi. Nilisikia kwa wengine kwamba hakupata tena kazi ya ofisini, anahangaika na biashara ndogo.

Jambo la mwisho. Binti yangu yuko chuoni. Nimekuwa nikimtumia video za dalili za mwisho karibu kila siku. Kiongozi wetu husema kuwekeza kwenye masomo ya miaka mingi ni kutosadiki kwamba Bwana yu mlangoni, nami nikamwambia mtoto kwamba shahada haitamfaa kitu siku ile. Akanijibu, "Mama, siku hizi nikiona jina lako kwenye simu naogopa kufungua." Tangu hapo hajaniandikia.

Je, ninyamaze na kuamini kwamba nimesamehewa, au niende kwa Neema? Na muda upo?

Mimi dada yako,
Asiyelala

*

Dada yangu mpendwa,

Barua yako nimeirudia, na kila mara nimesimama pale msibani, Neema aliposhika mkono wako akakuuliza habari za watoto. Naona na wewe umesimama hapo hapo. Nakuonea huruma kwa uzito huo, na nakushukuru kwa kuueleza bila kujipamba. Ungeweza kuandika kwamba mkaguzi alikuelewa vibaya. Umeandika kwamba ulisema uongo.

Nikikuelewa vizuri, ndani ya barua moja umeniuliza mambo matatu. Kama Mungu amekusamehe. Kama unadaiwa kitu na Neema. Na kama dunia itafika mwisho kabla hujajua la kufanya. Yamefungwa pamoja kwa hofu, ndiyo maana ukishika moja yote yanavutika. Nijaribu kuyatenganisha, ingawa sitayapa nafasi sawa.

Nianze na kuporomoka kwa maadili, kwa kuwa ndiko ushirika wenu unakoanzia. Sitakuambia kwamba unaota. Rushwa ipo, ndoa zinavunjika, na watu wanauziwa muujiza ndani ya chupa. Lakini tazama ni wapi Paulo anaielekeza orodha yake kwa Timotheo, ile ya siku za mwisho zitakazokuwa na nyakati za hatari. Inaanza na watu "wenye kujipenda wenyewe, wenye kupenda fedha," na inaishia kwa watu "wenye mfano wa utauwa, lakini wakikana nguvu zake." Hao hawako mbali na kanisa. Wamo kwenye viti. Na Yesu katika Mathayo 24, sura ambayo naamini mmeisoma sana, anasema kwamba kwa kuongezeka maasi, "upendo wa wengi utapoa." Tetemeko la nchi ya mbali halikutaki ufanye lolote zaidi ya kuogopa na kusambaza video. Upendo uliopoa ni dalili unayoweza kuipima mwenyewe, nyumbani na ofisini kwako. Nakuuliza kwa upole: inawezekana kwamba dalili unazozitazama zaidi ni zile zisizokugusa?

Kuhusu muda. Mwandishi wa Waebrania aliziita siku zake mwenyewe "mwisho wa siku hizi." Kwa hiyo kanisa limeishi katika siku za mwisho tangu mwanzo wake, na Bwana mwenyewe alisema siku ile na saa ile hakuna aijuaye. Walioijaribu kuijua wametuachia masomo. Wafuasi wa mhubiri William Miller kule Marekani walimngojea Kristo tarehe 22 Oktoba 1844, na wapo walioacha mazao shambani bila kuvuna kwa sababu kuvuna kungeonekana ni kukosa imani. Mwaka 2011 mhubiri wa redio, Harold Camping, alitangaza tarehe 21 Mei, kisha Oktoba. Watu walitumia akiba zao kulipia mabango. Ninachokikumbuka zaidi kwake, na ambacho husimuliwa mara chache, ni kwamba mwaka 2012, akiwa mzee wa miaka 90, aliwaandikia wasikilizaji wake akakiri kwamba kutaja tarehe kulikuwa dhambi. Hakuishia kukiri chumbani. Aliwaandikia wale aliowapotosha.

Hapo ndipo nataka tukae kidogo.

Katika Injili hakuna mhubiri aliyesema kwa ukali zaidi kwamba mwisho umekaribia kuliko Yohana Mbatizaji. Shoka limekwisha kuwekwa penye mashina ya miti, alisema. Aliwauliza watu nani aliyewaonya kuikimbia hasira itakayokuja. Watu wakashikwa na hofu kama uliyo nayo wewe, wakamwuliza, "Tufanye nini basi?" Mtu angetarajia awaambie wakeshe, au wakimbilie jangwani alikokuwa yeye. Soma Luka sura ya 3 uone alichojibu. Mwenye kanzu mbili ampe asiye nayo. Mtoza ushuru asitoze zaidi ya alivyoamriwa. Na askari nao Yohana akawaambia, "Msidhulumu mtu, wala msishitaki kwa uongo, tena mtoshewe na mshahara wenu."

Dada, naona umeuona mstari huo kabla sijauonyesha. Sikuuweka hapa ili kukuchoma. Nimeuweka kwa sababu unaligusa lile neno la kiongozi wenu kwamba muda ni mfupi mno kushughulika na mambo ya zamani. Yohana aliamini muda ni mfupi kuliko wote, na kwa sababu hiyo hiyo aliwarudisha watu kwa jirani zao, kwenye mizani na mishahara na mashitaka.

Zaburi ya 51 nayo tuitazame, maana umepewa kama neno la kufunga mjadala. Ni kweli Daudi alisema "Wewe peke yako." Lakini wakati anaomba hivyo, Uria, mume wa mwanamke ambaye Daudi alimchukua, alikuwa ameshauawa. Daudi asingeweza kwenda mlangoni kwake hata kama angetaka. Neema yuko hai, na mmeshikana mikono. Torati, katika Hesabu sura ya 5, ilimtaka mkosaji aungame, arudishe kwa ukamilifu, aongeze na sehemu ya tano, ampe yule aliyemkosea. Naye Yesu alisema ukiwa madhabahuni ukakumbuka kwamba ndugu yako ana neno juu yako, iache sadaka hapo, uende kwanza ukapatane naye. Zakayo, yule mtoza ushuru tajiri, hakuambiwa na mtu arudishe mara nne. Alisimama mwenyewe akasema.

Je, nina maana kwamba hujasamehewa? La. Ahadi ya 1 Yohana 1:9, kwamba tukiziungama dhambi zetu Mungu atatuondolea, haina masharti ya cheo wala ya mwaka, na Zakayo hakuununua wokovu kwa marejesho. Ila nakuomba ufikirie jambo moja kuhusu kukosa usingizi kwako. Umelichukulia kama ushahidi kwamba Mungu hajasamehe. Kiongozi wako amelichukulia kama ukosefu wa imani. Huenda vyote viwili si kweli. Paulo anawaambia Wakorintho juu ya huzuni iliyo kwa jinsi ya Mungu, ile iletayo toba isiyo na majuto, na anaitambua kwa matunda yake: bidii, kujitetea, shauku, kutaka haki itendeke. Martin Luther, mwanamageuzi wa kanisa, aliifungua hoja yake ya kwanza kati ya zile 95 za mwaka 1517 kwa kusema kwamba Kristo alitaka maisha yote ya waaminio yawe toba. Maisha yote, dada, si dua moja inayorudiwa kila usiku kwa maneno yale yale. Labda kinachokuamsha si hukumu. Labda ni toba ambayo haijamaliza safari yake.

Nasema labda, kwa sababu kwenda kwa Neema si jambo jepesi, na sitakuamulia. Tuyatazame yaliyo mbele yako.

Unaweza kunyamaza. Usiidharau njia hii, kwa kuwa ina hoja: watoto wanasoma, mume ametulia, na Neema anaweza kuwa amefunga ukurasa ambao hutaki kuufungua kwa mikono yako. Hatari yake umeshaielezea mwenyewe. Unailipa usiku, na binti yako ameanza kuilipa nawe.

Unaweza kurudisha fedha kimyakimya, kwa mwajiri au hata kwa Neema, bila jina. Ni jambo jema kuliko kutofanya kitu. Lakini nakuomba ujiulize nini hasa kilichukuliwa. Mwajiri alichukuliwa fedha. Neema alichukuliwa jina. Mithali inasema heri kuchagua jina jema kuliko mali nyingi, na jina halirudi ndani ya bahasha isiyo na anwani.

Unaweza kwenda kwake na kumwambia. Hapa nataka uende polepole, hata kama moyo unakimbia. Kuna kuungama kunakoutua mzigo wangu na kuuweka begani mwa niliyemkosea, kisha mimi nalala na yeye ndiye anayekesha. Kabla hujaenda, jiulize uko tayari kwa jibu gani. Anaweza kulia na kukukumbatia. Anaweza kukufukuza. Anaweza kutosema neno, nawe ukaondoka hujui umesamehewa au la. Anaweza pia kukuambia, sawa, nenda ukawaambie hao walionifukuza. Atakuwa na haki. Kama unakwenda huku ukitumaini kwamba atasamehe na habari iishie sebuleni kwake, bado unamwomba akulinde. Msamaha wake ni wake. Huwezi kumdai, hata kwa aya.

Na ukweli ukifika kazini, yapo yanayoweza kufuata: kupoteza kazi, kudaiwa fedha, hata kesi. Kwa hiyo kabla ya kusema lolote kwa mwajiri, zungumza na mwanasheria. Kutafuta ushauri wa sheria hakupunguzi toba. Kunakusaidia kujua gharama kabla hujawaingiza watoto ndani yake. Tafuta pia mtu wa tatu, mchungaji au mama mkomavu wa imani aliye nje ya ushirika wenu, anayejua kutunza siri, ambaye anaweza kufuatana nawe au kumwuliza Neema kwanza kama angependa kukutana nawe. Hivyo yeye naye atapata nafasi ya kuchagua, kitu ambacho safari ile hakupewa.

Mume wako usimweke kwenye kundi la wapinga toba. Anaogopa, na hofu yake ina watoto ndani yake. Uliandika mwenyewe kwamba ana haki. Nadhani alisikia, "Nimeamua kwenda," hata kama hukusema hivyo. Inawezekana mazungumzo yakabadilika ukimwambia kwamba hujaamua, kwamba unaumia, na kwamba unataka mhesabu pamoja: tukipoteza mshahara huu, tutaishije? Nyumba nyingine hugundua zinaweza. Nyingine hugundua zinahitaji mwaka wa kujiandaa. Toba inayojiandaa bado ni toba, mradi maandalizi yasigeuke kuwa maficho, na hilo wewe na Mungu ndio mtakaolijua.

Sasa kiongozi wenu. Simjui, na sitaki kumhukumu kwa aya mbili za barua yako. Huenda alitaka kukufariji. Lakini anaposema masomo ya watoto ni kutosadiki, hapo naingiwa na wasiwasi, na naona nina wajibu wa kukuambia waziwazi. Katika msitu wa Shakahola nchini Kenya, ambako mwaka 2023 na baadaye ilifukuliwa miili ya zaidi ya watu 400, mafundisho ya mhubiri wao ya kuwatoa watoto shule yalitangulia yale ya kufunga hadi kufa. Sisemi ushirika wenu unaelekea huko. Nasema fundisho linalomtaka mtu aache majukumu yake kwa sababu Bwana yu karibu linagongana na Bwana mwenyewe, aliyesema katika Mathayo 24 hiyo hiyo kwamba heri mtumwa yule ambaye bwana wake ajapo atamkuta akifanya hivyo. Akifanya nini? Akiwapa watu wa nyumbani chakula chao kwa wakati wake. Wathesalonike nao walikuwa na watu walioacha kazi, wakienda bila utaratibu, na Paulo akawaagiza wafanye kazi kwa utulivu na kula chakula chao wenyewe. Uliza maswali pale ushirikani, dada. Ukiona kuuliza kunaitwa uasi, hilo lenyewe ni jibu.

Nimemwacha binti yako mwisho, ingawa kwake ndiko naona unaweza kuanza leo. Yeye hajakukataa. Mtoto aliyekukataa hakuambii kwamba anaogopa. Umekuwa ukimtumia hofu yako mwenyewe, akiipokea bila kujua imetoka wapi, na huenda sehemu ya ukali ule ilikuwa yako wewe: ulimwonya yeye kwa nguvu uliyoshindwa kuitumia kwako. Si lazima umweleze habari za Neema. Hilo lisubiri, na huenda halimhusu kwa sasa. Lakini unaweza kumpigia, umwambie kwamba umemwogopesha, kwamba umekosea, na umwulize anasoma nini wiki hii. Usimalizie kwa aya. Msikilize tu.

Petro anasema Bwana hakawii, bali huvumilia, maana hapendi mtu yeyote apotee. Umeusoma muda uliobaki kama kitu kinachokuishia. Petro anausoma kama kitu ulichopewa. Kwa hiyo usikimbilie kwa Neema kesho asubuhi kwa sababu ya video uliyoiona usiku. Chukua majuma kadhaa. Ongea na mume, mwone mwanasheria, mtafute huyo mtu wa tatu. Kisha uniandikie tena, hata kama utakuwa bado hujaamua, na uniambie binti yako alisema nini.

Wako,
Mama Mshauri